Kutuliza maumivu au kuokoa nyuzi: ulinganisho wa tiba za ganzi na miguu kuwaka moto kwa wenye kisukari

Mtu mwenye kisukari akianza kulalamika kwamba nyayo zinawaka moto usiku, zinachomachoma au zimekufa ganzi, mara nyingi hujikuta na mfuko wenye dawa za aina tatu au nne. Kuna kidonge cha maumivu, kuna vitamini za mishipa, na pengine kuna kopo alilouziwa mtandaoni kwa ahadi kwamba mishipa yote itafufuka. Zote anaziita dawa za mishipa ya fahamu. Lakini kazi zake ni mbili tofauti kabisa. Baadhi hupunguza maumivu yanayotoka kwenye mshipa ulioumia. Nyingine, na hizi ni chache, huzuia nyuzi za mshipa huo zisiendelee kufa.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua pesa iende wapi kwanza. Mgonjwa anaweza kulala vizuri kila usiku kwa msaada wa kidonge huku nyuzi zake zikiendelea kupotea. Anaweza pia kuokoa nyuzi alizobaki nazo bila kununua hata kopo moja la "dawa ya neva".

Uzi hufaje

Mshipa wa fahamu ni fungu la nyuzi nyembamba mno, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja. Seli zinazohudumia vidole vya miguu zimekaa karibu na uti wa mgongo, kwa hiyo uzi mmoja unaweza kufika mita moja. Chakula na vifaa vyote vya uzi husafirishwa kutoka kwenye seli hadi ncha. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mafuta ya damu yakivurugika na vijishipa vidogo vya damu vinavyolisha mshipa vikiziba, wa kwanza kuathirika ni uzi mrefu kuliko wote, tena kwenye ncha yake. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni, ikapanda hadi kifundo, ikafika chini ya magoti, na ndipo mikono nayo inapoanza.

Mwaka 1850 daktari Mwingereza Augustus Waller alikata mishipa ya fahamu ya ulimi wa chura, akaona sehemu iliyotenganishwa na seli inavunjikavunjika. Kwa zaidi ya karne moja ilidhaniwa kwamba uzi hufa kwa njaa tu. Kisha mwaka 1989 watafiti wa Oxford walieleza panya wa maabara wa ajabu: nyuzi zao zikikatwa ziliendelea kuwa hai kwa wiki kadhaa, badala ya siku moja au mbili. Maana yake ni kwamba uzi una utaratibu wake wa ndani wa kujiangamiza. Mwaka 2012 protini inayoendesha utaratibu huo ilitambuliwa. Inaitwa SARM1, na ikiwashwa huteketeza akiba ya NAD, kemikali ambayo seli haiwezi kuzalisha nishati bila hiyo.

Naeleza haya kwa sababu mbili. Kwanza, kufa kwa uzi si ajali isiyozuilika. Ni mchakato, na mchakato unaweza kukatizwa mapema. Pili, dawa za kuzuia SARM1 bado ziko kwenye utafiti. Hakuna iliyoidhinishwa, wala hakuna duka la dawa linaloiuza, iwe Kariakoo au River Road. Anayekuuzia kopo kwa madai hayo anakudanganya.

Kuna jambo jingine ambalo mgonjwa anastahili kuambiwa wazi. Uzi uliokufa unaweza kuota tena, lakini kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, tena hali ikiwa nzuri. Kwa uzi wa mita moja hiyo ni karibu miaka mitatu, na kwa mwenye kisukari uotaji huo huwa dhaifu. Kulinda uzi ulio hai kuna tija kubwa kuliko kungoja uliokufa urudi.

Vinavyolinda uzi: sukari, B12, na vinavyosemwa tu

*Kudhibiti sukari.* Hapa ushahidi ni mzito kuliko kwingine kote, ingawa hauna nguvu ileile kwa kila mgonjwa. Utafiti mkubwa wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotangaza matokeo mwaka 1993, ulifuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya 1. Walioibana sukari yao kwa insulini mara kadhaa kwa siku walipunguza uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa karibu asilimia 60 wakilinganishwa na waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa wakati ule. Hakuna kidonge chochote katika ulinganisho huu kinachokaribia hapo.

Kwa aina ya 2, ambayo ndiyo ya wengi, faida ipo lakini ni ndogo. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi hugunduliwa akiwa amekaa na sukari ya juu kwa miaka bila kujua, na uzito, mafuta ya damu, sigara na shinikizo la damu navyo vinaumiza nyuzi zilezile. Kwa hiyo kushusha namba ya sukari peke yake hakutoshi. Kutembea kwa mguu kila siku, kupunguza uzito na kuacha sigara ni sehemu ya tiba, na pombe nayo ni sumu ya moja kwa moja kwa mishipa ya fahamu.

Kubana sukari kupita kiasi pia kuna hatari. Utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada ulilazimika kusitisha tiba ya kubana sana mwaka 2008, baada ya kuonekana kwamba waliolazimishwa kushusha HbA1c chini ya asilimia 6 walikuwa wanakufa zaidi. HbA1c ni kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kwa watu wazima wengi lengo huwa karibu na asilimia 7, na kwa mzee mwenye maradhi mengine daktari huruhusu juu zaidi.

Na kasi nayo ni muhimu. HbA1c ikishuka kwa zaidi ya pointi 2 ndani ya miezi mitatu, tuseme kutoka 13 hadi 9, baadhi ya wagonjwa huanza kupata maumivu makali ya miguu ambayo hawakuwa nayo. Wengi wanaamua kwamba insulini ndiyo iliyowaharibu, wanaitupa. Hilo ni kosa la hatari. Maumivu hayo yanafahamika kitabibu, kwa wengi hupungua miezi ikipita, na dawa ni kumweleza daktari ili kasi ipunguzwe na maumivu yatulizwe, si kurudi kwenye sukari ya juu.

*Vitamini B12.* Hapa ndipo ningependa kila anayemeza metfomini, kile kidonge cha kushusha sukari, asimame. Metfomini ni dawa nzuri, nafuu, na haipaswi kuachwa kiholela. Lakini ikitumiwa kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa B12, na upungufu wa B12 wenyewe huua nyuzi za mishipa ya fahamu, kwa dalili zinazofanana na za kisukari. Katika utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa waliotumia metfomini kwa zaidi ya miaka minne walipoteza karibu asilimia 19 ya B12 yao wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwenye kula ugali na mboga za majani tu, bila dagaa, samaki, maini, mayai wala maziwa, yuko hatarini zaidi.

Uzuri wa B12 ni kwamba tatizo linapimika na linatibika kwa sindano, na wengine hata kwa vidonge vya kiwango kikubwa. Kati ya sababu zote za ganzi, hii ndiyo ambayo ukiikamata mapema unaokoa uzi kwa gharama ndogo kabisa. Jambo moja la kuepuka: kumeza foliki asidi peke yake wakati B12 imepungua. Damu itaonekana nzuri kwenye kipimo, na mishipa ya fahamu itaendelea kuharibika kimyakimya.

*Vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12.* Hivi ndivyo vinavyouzwa kuliko vyote, na ndivyo mtu anavyopewa hata bila kupimwa. Kama huna upungufu, ushahidi kwamba vinalinda nyuzi za mwenye kisukari ni dhaifu. Tena si kweli kwamba "vitamini haina madhara". B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ileile uliyokuwa unaikimbia. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 iliweka kikomo cha miligramu 12 za B6 kwa siku kwa mtu mzima. Sasa geuza pakiti usome: baadhi ya vidonge hivi vina miligramu 100 au 200 za B6 katika kidonge kimoja. Kwa wiki chache chini ya uangalizi wa daktari ni jambo moja, kuvimeza mwaka mzima kwa sababu jirani anavitumia ni jambo jingine. Nikichagua kati ya kopo hili na kipimo cha B12, nachukua kipimo.

*Asidi ya alfa-lipoiki.* Inatumika sana Ujerumani, kwa kawaida miligramu 600 kwa siku, kwa hoja kwamba inapunguza sumu za oksijeni zinazochoma nyuzi. Hoja ni nzuri na majaribio mafupi ya wiki chache yalionyesha nafuu. Lakini jaribio la miaka minne, lililochapishwa mwaka 2011, halikufikia lengo lake kuu, na uchambuzi wa mwaka 2024 wa Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ulihitimisha kwamba baada ya miezi sita dawa hii huenda haina tofauti kubwa na kidonge kisicho na dawa. Ni ghali kwa mfuko wa kawaida hapa kwetu. Mwenye uwezo, na ambaye daktari wake hana pingamizi, anaweza kuijaribu. Asiuze kuku kwa ajili yake.

Njia nyingine zilizotegemewa sana zimeanguka. Homoni ya kukuza mishipa ya fahamu ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya elfu moja, na mwaka 2000 ikatangazwa kwamba haikufanya kazi. Japani kwa upande wake wanayo epalrestati tangu miaka ya 1990, inayozuia sukari isigeuzwe sorbitoli ndani ya mshipa, lakini Ulaya na Marekani haikuidhinishwa.

Vinavyotuliza: tatu zinazolingana

Maumivu ya mishipa ya fahamu hayasikii diklofenaki. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wagonjwa wengi huishi kwa sindano na vidonge vya diklofenaki, miguu haipoi, na figo ambazo tayari zinabebeshwa mzigo na kisukari zinaumia zaidi. Parasetamoli nayo hapa haisaidii sana. Dawa zinazofanya kazi ni zile zinazopunguza msisimko wa mishipa yenyewe, na zinazotumika kwanza ni hizi:

| | Amitriptilini | Gabapentini au pregabalini | Duloksetini |
|---|---|---|---|
| Nguvu yake | Nafuu, inapatikana sehemu nyingi, inasaidia kulala | Haigongani na dawa nyingi | Haileti usingizi sana, inasaidia pia mwenye sonona |
| Usumbufu | Mdomo kukauka, usingizi mzito asubuhi, choo kigumu | Kizunguzungu, miguu kuvimba, kuongezeka uzito | Kichefuchefu, jasho, shinikizo kupanda kidogo |
| Ajihadhari nani | Mwenye ugonjwa wa moyo, glakoma (presha ya macho), tezi dume iliyovimba au mzee anayeanguka | Mwenye figo dhaifu (dozi ipunguzwe), mnywaji pombe | Mwenye ugonjwa wa ini, figo zilizochoka sana, mnywaji pombe |

Ni ipi yenye nguvu zaidi? Jaribio la Uingereza liitwalo OPTION-DM, la mwaka 2022, liliwapa wagonjwa amitriptilini, duloksetini na pregabalini kwa zamu, na kuongezea dawa ya pili pale ya kwanza isipotosha. Maumivu yalishuka kutoka wastani wa 6.6 hadi karibu 3.3 kwa kipimo cha 10, na njia zote zilitoka sawa. Kwa hiyo chagua kwa madhara na bei. Mtu wa miaka 45 asiyelala usiku, moyo wake mzima, ataanza na amitriptilini miligramu 10 au 25 jioni na pesa yake itabaki. Babu wa miaka 75 mwenye tezi dume na anayeamka usiku kwenda msalani, amitriptilini inaweza kumwangusha na kumfungia mkojo. Huyo afikiriwe gabapentini kwa dozi ndogo baada ya kupimwa figo.

Zote hupandishwa taratibu, na ni vizuri kuzipa wiki kadhaa kabla ya kusema hazifanyi kazi. Hakuna hata moja kati yake inayolinda uzi. Zikikupa usingizi zimefanya kazi yake yote.

Maumivu yanayoisha bila dawa nayo yachunguzwe. Mguu uliokuwa unawaka kwa miaka ukinyamaza wenyewe, wakati sukari haijawahi kutulia, inawezekana nyuzi zilizokuwa zinalalamika zimekufa. Kliniki ya kisukari hupima hilo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 unaobonyezwa kwenye nyayo, na kwa chuma cha mtetemo kinachowekwa kwenye kidole gumba. Vipimo hivi ni vya dakika chache. Omba ufanyiwe angalau mara moja kwa mwaka.

Kinachookoa mguu hata uzi ukishapotea

Ganzi ikishaingia, mguu hauna tena mlinzi wake wa asili. Mtu anakanyaga msumari anatembea nao kutwa. Anakandwa kwa maji ya moto, ngozi inababuka bila kusikia. Mjini Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala bila kuhisi, na vidonda vikaanzia hapo. Abbas huyohuyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha mpango wa Hatua kwa Hatua, uliofunza madaktari na wauguzi utunzaji wa miguu Tanzania na India.

Kwa mwenye ganzi, hatua hizi zinashinda dawa yoyote ya dukani. Kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni, ukishindwa kuinama muombe mwanao au tumia kioo. Pima maji kwa kiwiko, au mwenzako mwenye miguu mizima akupimie. Usitembee peku, hata ndani ya nyumba, na msikitini vaa soksi nene. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kutokuuma ndiko kunakokifanya kiwe cha hatari.

Pale kisababishi si kisukari pekee

Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi huhitaji B6, kwa kuwa isoniazidi huiondoa mwilini. Hapa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kwa siku, huzuia uharibifu kabla haujaanza, na mwenye kisukari au VVU yuko kundi la kwanza la kupewa. Ukiandikiwa dawa za TB bila piridoksini, yaani B6 hiyohiyo, uliza.

Ukoma nao ungalipo katika nchi zetu. Baka lisilo na hisia pamoja na ganzi au udhaifu wa mkono au mguu upelekwe kliniki haraka, kwa sababu prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, ikianzwa ndani ya miezi michache inaweza kuokoa mshipa unaovimba. Ukichelewa, nafasi hiyo hupotea.

Ningepanga hivi

Mwenye pesa ya jambo moja tu: dawa za sukari bila kukatiza, na kandambili zibadilishwe kwa viatu vilivyofunga. Kama kuna ya jambo la pili, kipimo cha B12 kwa aliyekaa na metfomini miaka minne au zaidi, au anayetumia dozi kubwa. Sehemu ambayo kipimo hicho hakipatikani, zungumza na daktari juu ya kupewa B12 yenyewe, si mchanganyiko wenye B6 nyingi. La tatu ni dawa ya maumivu, lakini kwa asiyelala usiku inapanda hadi nafasi ya kwanza pamoja na sukari, kwa sababu mtu aliyechoka hatembei, hapiki vizuri wala hafuati dawa. Asidi ya alfa-lipoiki inakuja mwisho, na makopo ya mtandaoni hayamo kabisa.

Usichague chochote katika haya kabla ya kuonwa na daktari ikiwa ganzi iko upande mmoja tu, imepanda haraka kwa siku chache, inakuja na miguu kukosa nguvu, au mkojo na choo vimeanza kukuponyoka. Hayo si mwendo wa kawaida wa kisukari, na baadhi ya visababishi vyake hutibiwa kwa saa, si kwa miezi.